Natoka na begi kila asubuhi lakini sina pa kwenda

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinaongea kitu kimoja, kazi hakuna na kichwa kimejaa. Nimechukua tatu tu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kuna wengine wengi wameniandikia mambo yale yale kwa maneno mengine, na kama ulikuwa unasubiri jibu lako wiki hii soma na hii, huenda limo humo.

*Shangazi, habari za huko. Mimi ni kijana wa miaka 27, nilimaliza digrii ya uhasibu miaka miwili iliyopita, naishi kwa kaka yangu mkubwa hapa Kireka na shemeji na watoto wao watatu. Nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka kuhesabu, nilipofika 140 nikaacha. Interviu nimeitwa nne. Moja nilifika mpaka raundi ya mwisho wakachukua mtu mwingine na hawakuniambia, nikaja kujua mwenyewe baada ya mwezi mzima wa kulala na simu mkononi. Sasa shida siyo kazi tu Shangazi, shida ni mimi mwenyewe, nimeharibika. Usiku silali, niko kwenye simu mpaka saa tisa saa kumi, video moja inaleta nyingine, na MB zenyewe nakopa. Asubuhi navaa shati la pasi natoka na begi ili shemeji aone naenda kutafuta, nikifika mjini nakaa tu, siku nyingine natembea kutoka Wandegeya mpaka Old Taxi Park halafu narudi bila sababu. Imeili nafungua hata mara hamsini kwa siku. Mama akipiga kutoka kijijini sipokei, aliuza ng'ombe wawili kunisomesha, ataniuliza "vipi mwanangu" na mimi sina cha kumjibu. Marafiki wa chuo nimewabloku wanaposti picha za ofisi. Tangazo la kazi naliona kwenye grupu najiambia kesho, kesho nayo inafika dedilaini imepita. Huu ni uvivu? Kaka anasema ni uvivu. Nisaidie, jina langu usiliweke.* — Mtu wa begi, Kireka

Mwanangu, barua yako nilianza kuisoma nikiwa jikoni nimesimama, nikafika kwenye lile begi nikatafuta kiti.

Baba yangu alikuwa karani wa wizara moja. Mwanzo wa miaka ya tisini serikali yetu ya Uganda ilikuwa inapunguza wafanyakazi, wa umri wangu mnakumbuka, utumishi wa umma ulikuwa na watu kama 320,000 mwaka 1990 na ndani ya miaka michache karibu nusu wakawa nje, na barua ya baba ikafika kama za wengine. Hakutuambia. Miezi mitatu alitoka nyumbani Nakawa kila asubuhi na koti lake na bahasha ya kaki, akaenda kukaa City Square chini ya mti, saa kumi na moja jioni akarudi akasema leo kazi ilikuwa nyingi. Mama alijua wiki ya pili. Sisi watoto tukajua wiki ya tatu. Basi nyumba nzima inajua na nyumba nzima imenyamaza, na nakuambia ukweli, njaa ya miezi ile siikumbuki sana, lakini ule ukimya naukumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo kaka yako akisema uvivu mimi nakataa. Mvivu hapigi shati pasi ili akatembee juani kutoka Wandegeya mpaka taxi park na kurudi. Wewe unafanya kazi ngumu kila siku, kazi ya kujificha, nayo inakula nguvu zote ambazo ungetafutia kazi. Hebu angalia ulichoniandikia, simu ya mama hupokei, marafiki umewabloku, shemeji unamwigizia, na usiku ndio unachangamka. Umeshajiuliza kwa nini usiku? Saa tisa ya usiku hakuna mtu yeyote anayetegemea uwe unatafuta kazi, ofisi zimefungwa, kaka amelala, mama amelala, ndipo unapumua. Mchana wote unadaiwa, usiku hudaiwi. Ndiyo maana mtu akikuambia tu "lala mapema" haikusaidii, anakunyang'anya masaa yako pekee ya amani bila kukupa mengine. Ukitaka usiku uache kukuvuta, mchana wako lazima uwe na mahali pa kuishia.

Tuanzie hapo. Mwenye kazi saa kumi na moja anatoka, amemaliza, hata kama siku hiyo alifanya vibaya amemaliza. Wewe kwa miaka miwili hujamaliza hata siku moja. Jiwekee kengele. Mimi nasema saa mbili mpaka saa tano asubuhi, masaa matatu tu, yawe ya kutafuta kweli, kusoma matangazo, kuandika barua, kupeleka bahasha, kupiga simu, na saa tano ikigonga unafunga daftari hata kama roho inakuambia endelea. Imeili unafungua saa mbili na unafungua saa kumi, basi, hapa kwetu mwajiri mwenye haraka na wewe atakupigia simu, na zile mara arobaini na nane nyingine hazileti jibu, zinakuonjesha tu matumaini kidogo na kukunyima pale pale, na moyo unaochezewa hivyo kutwa nzima jioni hauna nguvu tena.

Baada ya saa tano fanya kitu cha mikono au cha miguu. Leja leja, kibarua cha siku, kama ipo chukua, usiione aibu. Kama haipo wewe ni mhasibu, hapo Kireka kuna maduka mangapi ambayo mwenye duka hajui mwezi huu amepata faida au amekula mtaji? Ingia kwa mmoja, mwambie utampangia daftari lake la mauzo na madeni kwa wiki mbili bure na akipenda mtaongea. Hata akikataa kulipa utakuwa na la kusema kwenye interviu wakikuuliza umekuwa ukifanya nini, na hilo swali wanaliuliza kila mara, na wewe najua linakutoa jasho.

Simu ilale sebuleni. Siyo chini ya mto, siyo kwenye chaji karibu na kichwa, sebuleni, na kama unaitumia kuamka nunua saa ndogo ya mezani pale Kikuubo. Asubuhi toka nje kwanza, jua letu huku karibu na ikweta mwaka mzima linachomoza karibu saa moja, tembea dakika ishirini kwenye mwanga wake kabla hujagusa simu, ule mwanga ndio unaouambia mwili siku imeanza na usiku usingizi uje lini. Na uamke saa ile ile kila siku hata kama jana ulilala vibaya, siku za kwanza utateseka, vumilia.

Hilo la "kesho" nalo. Kila ombi unalotuma ni mtu mwingine anayeweza kukukataa, na umeshakataliwa mara 140, sasa mkono unagoma kama mkono ulioungua unavyogoma kushika sufuria. Usipigane nao kwa kujitukana. Kata kazi vipande vidogo mpaka kipande kisiweze kukuogopesha, leo unanakili tu wanachotaka, kesho unaandika aya mbili za barua, keshokutwa unaimaliza. Na usiandike "nitaomba ile kazi ya Mukono", andika "Jumanne saa mbili, mezani kwa kaka, naandika barua ya ile kazi ya Mukono". Ukishataja saa na mahali, ikifika Jumanne huna tena mjadala na moyo wako, unakaa tu unaandika.

Halafu kuna lile jambo la raundi ya mwisho, wale waliokunyamazia mwezi mzima. Uliliandika kwa mstari mmoja ukakimbia na mimi nililiona. Mwaka 1994 kule Marekani watafiti watatu, mmoja wao James Pennebaker, walitoa utafiti wao juu ya watu 63 wenye taaluma zao waliofukuzwa kazi. Wengine waliambiwa waandike dakika 20 kila siku kwa siku tano, waandike kila kitu kilichowauma kuhusu kupoteza ile kazi, hasira, aibu, chuki, bila kumwonyesha mtu. Wengine wakaandika ratiba zao tu za kutafuta kazi, na wengine hawakuandika kitu. Walioandika uchungu wao walipata kazi haraka kuliko wenzao, na cha kushangaza hawakutuma barua nyingi zaidi wala hawakupiga simu nyingi zaidi. Tofauti ilikuwa ndani yao. Mimi naelewa hivi, mtu mwenye hasira isiyotoka anaingia nayo kwenye interviu, anaikalia kwenye kiti, na yule anayemhoji anaisikia hata kama hajui ni nini. Nunua daftari la shilingi chache, siku tano, dakika 20, waandikie wale watu waliokunyamazia yote unayotaka kuwaambia. Halafu lichome ukitaka.

Sasa narudi kwa baba. Unajua alitokaje pale chini ya mti? Kulikuwa na mzee mmoja muuza magazeti aliyepita hapo kila siku, walikuwa wanasalimiana tu, jina la pili hawajuani. Siku moja baba akachoka, akamwambia ukweli, mimi sina kazi, nimepunguzwa. Mtu wa kwanza kumwambia, kabla ya mama yangu. Mzee akasema ana mkwewe anapima kahawa kwenye stoo moja na wanatafuta mtu wa kuandika vitabu, na wiki mbili baadaye baba alikuwa huko na akakaa miaka kumi na moja. Nilidhani ni bahati ya baba tu mpaka nikaja kusoma habari za Mark Granovetter, msomi wa jamii wa Marekani, ambaye mwaka 1973 aliandika kwamba aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi, na ni kama 17 tu katika 100 waliosema tunaonana mara kwa mara. Wengine wote walisema mara moja moja au kwa nadra. Ukifikiri unaona kwa nini, kaka yako na marafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, lakini konda wa taksi, mama anayeuza chapati na maharage ya kikomando, mtu mliyesoma naye sekondari S2 halafu mkapotezana, hao wanatembea kwenye mitaa ambayo wewe huifiki. Na wewe umewabloku. Wafungue. Picha zao za ofisi zinauma najua, zizime zisikutokee, lakini mtu mwenyewe muache awe na njia ya kukufikia.

Usitafute peke yako tena. Mwaka 1975 mwanasaikolojia mmoja, Nathan Azrin, na wenzake waliandika juu ya kikundi cha watafuta kazi kule Illinois waliokuwa wanakutana kila siku, wanasomeana barua, wanapeana matangazo, wanapiga simu wakiwa chumba kimoja, na ndani ya miezi miwili 90 katika 100 walikuwa na kazi wakati wenzao waliotafuta kila mmoja kivyake ni 55. Hiyo ni Marekani na ya zamani, nakubali, hapa soko letu ni gumu zaidi. Lakini watu wanne wa Kireka wasio na kazi utawapata kabla ya saa sita mchana. Kaeni pamoja asubuhi tatu kwa wiki, barazani kwa mmoja au maktaba, kila mtu aseme juzi alifanya nini na leo atafanya nini.

Na jioni ya leo, kabla ya hayo yote, ukae na kaka na shemeji uwaambie lile begi halina kitu. Shemeji anajua mwanangu. Waambie na zile saa zako tatu ili wasikuulize saa nane mchana kwa nini uko nyumbani. Halafu mpigie mama. Usisubiri uwe na habari. Akiuliza "vipi" mwambie, "Mama, kazi bado, nimekuwa naogopa kukupigia, huko nyumbani hamjambo?" Atalia kidogo, au utalia wewe, halafu atakuambia habari za kijiji.

*Shangazi, salamu kutoka Arua. Mume wangu ana miaka 44, alifanya kazi miaka tisa kwenye mradi wa afya uliokuwa unalipwa na pesa za Marekani. Mwanzo wa 2025 misaada ikasimamishwa, wakaambiwa wasubiri siku 90, halafu mradi ukafa kabisa. Mimi nauza vitenge na ndio tunakula. Mume amegeuka mtu mwingine. Anaamka saa nne, anakaa kwenye kiti kile kile, kutuma maombi anatuma mara moja kwa mwezi, jioni anaenda kwa wenzake kwenye waragi na akirudi anagombana na mtoto kwa sababu ya kijiko. Nikimuuliza ameona kazi yoyote anasema namdharau kwa sababu mimi ndiye naleta chakula. Nikinyamaza anasema sijali. Niongee nini?* — Mama wa watatu, Arua

Mama watoto, pole sana, na pole kwa baba watoto pia, najua wiki zile za 2025 nyumba nyingi huko West Nile zilibadilika kwa barua moja ya imeili.

Kuna kijiji kimoja cha Austria kinaitwa Marienthal, kilikuwa kinaishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, kiwanda kikafungwa mwaka 1929 kuelekea 1930. Watafiti walikaa pale, Marie Jahoda na wenzake, wakaandika kila kitu, hata kasi ya watu kutembea barabarani. Wanaume waliokosa kazi walikuwa na muda wote wa dunia, lakini vitabu walivyoazima maktaba vilipungua karibu nusu hata baada ya ada kuondolewa, wengi waliacha kubeba saa, njiani wakawa wanasimama simama hovyo. Ukiwauliza leo mmefanya nini kati ya asubuhi na mchana hawakumbuki. Wanawake wao walitembea haraka kuliko wanaume, maana nao kazi ya kiwanda walikosa lakini nyumba bado ilikuwa inawadai, kupika, kufua, watoto. Nakuambia hili ili ujue kile kiti anachokalia mumeo siyo tabia yake, ni kitu kinachowapata wanaume siku zao zikikosa vipande. Wewe una soko, una saa ya kufungua na ya kufunga. Yeye hana.

Kwa hiyo swali lako la jioni libadilishe. "Umeona kazi?" ni swali ambalo jibu lake ni hapana kila siku, na mtu hawezi kusema hapana kila siku kwa mwaka mzima mbele ya mke wake bila kuanza kumchukia anayeuliza. Wekeni siku moja ya wiki, Jumapili baada ya chakula kwa mfano, mnakaa na daftari mnaongea pesa na kazi, mmetuma wapi, tumebakiza nini, karo ya muhula itatoka wapi. Siku nyingine sita hilo halitajwi. Jioni muulize mambo ambayo ana jibu lake.

Halafu mtafutie mahali anapohitajika kweli. Nasema kweli, kwa sababu mwanaume akiona umemtungia kazi ya kumfurahisha ataumia mara mbili. Mtu aliyekaa miaka tisa kwenye mradi anajua ripoti, anajua kuagiza na kuhesabu stoo, sasa vitenge vyako unajua ni aina gani vinakaa miezi bila kuondoka na ni nani anakudai? Mpe hilo, mwambie nimelemewa, najua wewe unaliweza, na akilifanya fuata alichokuambia hata kama wewe ungefanya vingine.

Waragi. Pombe inamlaza haraka halafu inamwamsha nusu ya pili ya usiku, ndiyo maana anaamka saa nne akiwa amechoka na hasira ya kijiko inatoka huko huko. Usimkemee akiwa amekunywa, maneno yako yatapotea bure. Asubuhi akiwa mtulivu mwambie ulichokiona, siyo alivyo. "Jana mtoto alikuogopa" inaingia. "Wewe ni mlevi" haiingii.

Na huenda ni zaidi ya waragi. Huku Buganda wana maneno mawili, okwekubazida, mtu kujihurumia na kulia hali yake, na okwekyawa, mtu kujichukia mwenyewe. Watafiti waliokwenda vijiji 30 vya Masaka na Rakai waliyasikia hayo kwa wanakijiji wenyewe, wakaona ndiyo huzuni ile ile ambayo daktari anaiita ugonjwa, basi wakaunda vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16 kuongea tu juu ya kilichobadilika maishani mwao, na kiongozi alikuwa mtu wa hapo hapo aliyefundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2003, waliokuwa kwenye vikundi walipona kwa wingi kuliko waliobaki bila. Kuongea kulitibu, na wanaume waliongea, wasikudanganye kwamba wanaume wetu hawaongei. Kama kanisani au msikitini kwenu kuna wanaume wengine waliotoka kwenye miradi ile ile, mtu mmoja wanayemheshimu anaweza kuwakusanya. Siyo wewe, awe mtu mwingine.

Lakini sikia hili vizuri. Akianza kusema bora nisingekuwepo, akianza kugawa vitu vyake, akiacha kula siku kadhaa, usisubiri Jumapili, mpeleke hospitali ya rufaa hapo hapo Arua, wana kitengo cha afya ya akili, na hospitali nyingine za rufaa za mikoa kama Gulu, Mbale na Mbarara wanazo pia, na Kampala ipo Butabika. Kwenda huko siyo uchizi. Na akiinua mkono kwako au kwa mtoto, toka na watoto siku hiyo hiyo nenda kwa ndugu, mwone LC, mwenyekiti wa kijiji. Kukosa kazi hakumpi mtu ruhusa hiyo.

*Shangazi nina 23, niko Jinja. Tangu nimalize S6 natafuta kazi na katikati ya kutafuta nabeti, nilianza na elfu moja moja, sasa kila pesa ya leja leja inaishia huko. Juzi nimeweka na nauli ya interviu ya Kampala nikiwa na uhakika nitaizidisha, timu moja tu ndiyo imeniangusha katika kumi, interviu sikwenda. Niache vipi?* — Wa Jinja

Kijana wangu, kwanza sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inasema aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kubeti, kwa hiyo hiyo nyumba unayoingia haikutakiwa hata kukupokea, usiwaone kama wanakusaidia.

Wewe umesema timu moja tu katika kumi. Hilo neno "tu" ndilo linakumaliza. Piga hesabu na mimi, tuseme kila mechi unayochagua una nafasi ya 60 katika 100 kuipatia, hiyo ni nafasi nzuri sana, mechi kumi zote zikubali ni 0.6 mara yenyewe mara kumi, na inatoka kama 6 katika 1,000. Yaani tiketi 994 zitaanguka, na kama 160 kati ya hizo zitaanguka kwa mechi moja au mbili, na kila mara utahisi ulikaribia. Hukukaribia. Kushindwa kwa timu moja na kushindwa kwa timu nane kunalipa sawa, lakini ile ya moja inakurudisha kesho, na wao wanajua.

Kuacha kwa kuapa sikuamini sana. Pesa isikae mahali ambapo kidole chako kinafika. Ukilipwa leja leja, siku hiyo hiyo kabla hujalala peleka kwa dada au mama au sakosi, ile laini ya pesa mwachie kaka, tumia simu ya kawaida isiyo na intaneti kwa mwezi mmoja ukiweza. Wikendi jioni mechi zinapoanza uwe mahali pengine kabisa, siyo kwenye kibanda unaangalia tu, kuangalia tu hakupo. Na mwambie mtu mmoja kiasi ulichopoteza tangu uanze, chote, kwa namba.

Kuhusu ile interviu, wapigie leo kabla hawajafunga ofisi. Usiseme uliugua. Sema ulikosa nauli, unaomba radhi kwa kutowaarifu, na uulize kama bado wanasikiliza watu wiki hii.